Ukianza kazi na panya wazee, stresi na zawadi: haya bora uyajue mapema

Wadogo zangu mnaoingia kwenye lab za tabia za wanyama, kila mwaka naona wanaongezeka wanaopewa mradi wa namna hii, yaani stresi na uzee vinabadilishaje jinsi panya anavyotafuta zawadi, na wengi wanafika tayari wana jibu kichwani, kwamba stresi inashusha hamu, uzee unashusha hamu, ukivichanganya hamu inakwisha kabisa, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupima imeshuka kiasi gani. Hilo jibu la haraka ndilo linalowachelewesha watu kuliko kitu kingine chochote. Zawadi ina vipande vingi na kila kipande kina njia zake ubongoni, stresi inagusa baadhi, uzee unagusa vingine, saa nyingine vinavuta pande tofauti kabisa, na juu ya hayo yote mwili wa mnyama na mikono yako wewe vinaweza kukutengenezea matokeo mazuri kwenye grafu ambayo hayahusiani hata kidogo na unachodhani unapima. Nikiandika panya hapa namaanisha wale wakubwa, rati, na vipanya ni wale wadogo kama C57BL/6, ambao ni ukoo maarufu wa vipanya vya lab.

Tuanze na swali ambalo prof wako atakuuliza na usipokuwa na jibu mtazunguka mwaka mzima: unapima nini hasa? Kuna kufurahia kile kitu kikiwa mdomoni. Kuna kukitaka kiasi cha kukifuata. Kuna kukubali kutoa jasho ili ukipate, kuna kukubali kusubiri, kuna kukubali kubahatisha, na kuna kujua kwamba mambo yamebadilika na kile kilicholeta zawadi jana leo hakileti. Kent Berridge na Terry Robinson walishaonyesha tangu miaka ya 90 kwamba panya aliyeondolewa karibu dopamini yote, kemikali ya ubongo inayosukuma hamu, haendi kutafuta chakula lakini ukimdondoshea sukari mdomoni bado uso wake na ulimi wake unaonyesha anaifurahia kama kawaida. Yaani raha ipo, ila hamu ya kuifuata ndo imekatika. John Salamone na wenzake wakaja na jaribio ambalo mpaka leo nalipenda sana kwa usafi wake, panya anachagua kubonyeza leva mara kadhaa apate vidonge vitamu au ale tu chakula cha kawaida kilichowekwa bure pembeni, na ukipunguza dopamini kwenye nyukliasi akambensi, sehemu ya ubongo inayohusika na hamu ya zawadi, panya anaacha leva anahamia kwenye chakula cha bure, hajaacha kula, ameacha kuhangaika. Sasa ukikaa ukaelewa haya mawili vizuri utaona kwa nini sentensi kama "stresi ilipunguza zawadi" haisemi kitu.

Jaribio ambalo karibu kila mgeni anapewa kwanza ni la chupa mbili, moja maji moja maji ya sukari, mara nyingi asilimia 1 au 2, afu unaangalia panya kanywa kiasi gani cha sukari katika jumla ya alichokunywa. Paul Willner na wenzake walilitumia mwaka 1987 kwenye kazi yao ya stresi ndogondogo za muda mrefu, panya wanakaa wiki kadhaa wakibadilishiwa usumbufu, leo keji imeinamishwa, kesho matandiko yamelowana, keshokutwa taa haizimwi, na wakaona mapenzi ya sukari yanashuka na dawa ya sonona inayarudisha. Tangu hapo jaribio limeenea dunia nzima kwa sababu ni rahisi, chupa mbili na mizani basi. Lakini urahisi wake ni wa juu juu tu. Chupa zinavuja, chupa ikigongwa wakati wa kuiweka inadondosha matone na hayo matone yanaingia kwenye hesabu yako kama mnyama kanywa, kwa hiyo weka keji tupu isiyo na mnyama yenye chupa zilezile ujue zinapoteza kiasi gani zenyewe. Panya wana upande wanaoupenda, kwa hiyo chupa zibadilishwe nafasi katikati ya jaribio. Wazoeshwe sukari kabla maana panya anaogopa ladha mpya, na panya mwenye stresi anaogopa zaidi, sasa usipomzoesha utakuwa umepima woga wa kitu kigeni ukauita kukosa raha. Na maabara nyingi zinawanyima maji au chakula kabla ya jaribio, ambapo mnyama mwenye kiu anakunywa chochote na mwenye njaa anafuata kalori, kwa hiyo ukiweza epuka hiyo, ukishindwa basi kundi zote zifanyiwe sawasawa na uandike wazi.

Hapo sijaingia kwenye uzee bado. Panya wazee, hasa madume ya Fischer 344, figo zinachoka, ni ugonjwa unaojulikana kabisa kwenye hiyo straini, yaani ukoo wa panya wa lab, na mnyama mwenye figo mbovu anakojoa sana na kunywa sana. Anaweza kunywa maji mengi kwenye chupa zote mbili na asilimia ya sukari ikashuka huku kiasi halisi cha sukari alichokunywa ni kilekile au hata zaidi. Ukiripoti asilimia peke yake utasema mzee kapoteza hamu ya utamu, kumbe mzee ana kiu. Kwa hiyo siku zote ripoti vitu vitatu, gramu za sukari, gramu za maji, na asilimia, na gawanya kwa uzito wa mwili pia uone picha inabadilika vipi maana panya mzee anaweza kuwa mzito kuliko kijana kwa tofauti kubwa tu. Mimi nikisoma makala yenye nguzo moja tu ya asilimia kwenye wanyama wazee siiamini mpaka nione hizo namba nyingine.

Mambo ya leva nayo yana mitego yake. Kipimo maarufu ni kile ambacho bei inapanda, panya anabonyeza mara chache apate kidonge kimoja, kinachofuata anabonyeza zaidi, kinachofuata zaidi, mpaka afike mahali aache, na pale alipoacha ndo unapaita kikomo chake. William Hodos alikileta mwaka 1961 kama njia ya kupima nguvu ya zawadi. Ni kizuri, lakini fikiria panya wa miezi 24 mwenye viungo vinavyouma au mwenye uvimbe, anabonyeza polepole na anaacha mapema, je ni hamu au ni mwili? Ndo maana kando ya leva lazima uwe na vipimo vya kukusaidia kutenganisha, kwa mfano anatembea kiasi gani kwenye uwanja wazi, anakula kiasi gani akipewa vidonge vilevile bure, anachukua sekunde ngapi kutoka leva mpaka kwenye sahani. Kama akipewa bure anakula kama kijana na miguu yake inatembea vizuri ila kwenye leva anaacha mapema, hapo sasa una cha kuongea kuhusu jasho na gharama.

Na habari ya njaa. Desturi ni kumpunguzia panya chakula mpaka afike asilimia 85 ya uzito wake alipokuwa anakula bila kipimo, ndo apate hamu ya kufanya kazi. Kijana bado anakua, kwa hiyo 85 ya uzito wa mwezi uliopita sio 85 ya leo. Mzee anaweza kuwa ana mafuta ya kutosha kukaa asilimia 85 bila kuhisi njaa sana, na mwingine mzee ni mgonjwa anakonda mwenyewe wewe unafurahi amefika uzito wa jaribio. Pima kila siku, mguse mgongo na nyonga kwa vidole usikie mifupa, angalia meno maana wazee meno yanaweza kurefuka vibaya na mnyama akashindwa kutafuna kidonge kigumu ukasema hataki zawadi. Hili la meno linachukua nusu dakika kuangalia na watu hawaangalii.

Sasa stresi. Kitu cha kwanza, stresi ya mara moja na stresi ya wiki nyingi usizitaje kwenye pumzi moja kama ni kitu kimoja. Kikundi cha Stan Floresco kule Vancouver walichapisha mwaka 2012 kazi ambapo panya walibanwa kwenye mrija kwa saa moja kisha wakapelekwa kuchagua, na kwenye jaribio la jasho panya walipunguza kuchagua zawadi kubwa inayohitaji kubonyeza sana, lakini kwenye jaribio la kusubiri hawakubadilika. Ona hapo, saa ileile ya kubanwa, zawadi kubwa kwa ndogo, ila gharama ikiwa jasho stresi inagusa na gharama ikiwa muda haigusi. Ukiwa umepima kimoja tu ungeandika hitimisho nusu.

Stresi ya muda mrefu ina sura nyingine kabisa. Eduardo Dias-Ferreira, Nuno Sousa, Rui Costa na wenzao walichapisha mwaka 2009 kwenye Science panya waliopewa stresi isiyotabirika kwa siku 21, na hao panya walibonyeza leva vizuri tu, walijifunza vizuri tu, tatizo lilionekana pale zawadi ilipopoteza thamani. Unamshibisha panya ile zawadi mpaka haitaki tena, afu unampeleka kwenye leva. Panya wa kawaida anapunguza kubonyeza kwa sababu anajua mwisho wake ni kitu ambacho sasa hakitaki, yule wa stresi anaendelea kubonyeza kwa mazoea. Na kwenye straiatamu, eneo la ndani kabisa ya ubongo, sehemu yake ya ndani inayohusika na kutenda kwa lengo ilikuwa imenywea na sehemu ya nje inayohusika na mazoea imepanuka. Kikundi cha Ann Graybiel kule MIT, kazi ikiongozwa na Alexander Friedman, mwaka 2017 wakaonyesha kitu ambacho kinawashangaza wengi wakisikia mara ya kwanza: wanyama wenye stresi ya muda mrefu walichagua zaidi ile njia yenye zawadi nono pamoja na adha yake, maziwa ya chokoleti mazito kwenye mwanga mkali ambao panya hawaupendi, kuliko maziwa mepesi kwenye mwanga hafifu. Ukimtazama mnyama huyo bila kujua historia yake ungesema huyu ana hamu kubwa ya zawadi. Kwa hiyo ile hadithi ya stresi kushusha hamu ni kona moja tu ya jambo, na ukiifunga akili yako hapo data zako zikipanda juu badala ya kushuka utaanza kutafuta kosa ambalo halipo.

Niseme sasa kitu ambacho mimi naona ndo moyo wa kazi hii na hakifundishwi vya kutosha, stresi ambayo hukuipanga. Wewe umeandika kwenye protokoli kundi la stresi na kundi la kontroli, yaani lisilopewa stresi, lakini je kontroli yako haina stresi kweli? Jane Hurst na Rebecca West mwaka 2010 walionyesha kwamba vipanya wanaoshikwa mkia wanabaki na wasiwasi na kukwepa mkono, wale wanaobebwa kwenye mrija au kwenye viganja wanatulia na wanakuja wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Newcastle wakaipeleka mbele mpaka kwenye swali letu hasa, wakaona vipanya walioshikwa mkia waliitikia sukari kidogo kuliko waliobebwa kwenye mrija. Yaani namna ya kumtoa kwenye keji peke yake imeshusha raha ya zawadi! Hebu fikiria lab nzima inashika mikia miaka yote, halafu wanalinganisha kontroli na stresi wanakosa tofauti, wanasema stresi haifanyi kitu. Na mwaka 2014 kikundi cha Jeffrey Mogil kule McGill kikatoa kazi kwamba harufu ya mwanaume tu, hata fulana aliyovaa usiku ikiwekwa karibu, inapandisha homoni ya stresi kwa panya na vipanya na kuficha dalili za maumivu, wakati harufu ya mwanamke haifanyi hivo. Kwa hiyo kama kundi la vijana lilipimwa na dada wa lab na kundi la wazee likapimwa na kaka aliyekuja likizo ya chuo, una tatizo kubwa na hakuna takwimu itakayoliokoa. Mtu mmoja awapime wote, au watu wagawane kila kundi sawasawa, na jina la aliyeshika liandikwe kila siku kwenye daftari.

Wazoeshe mikono kabla ya kila kitu. Usifanye siku moja kwa fujo, wazoeshe kila siku kidogo, mpaka panya anakaa mkononi bila kukojoa na bila kujificha. Wazee mara nyingi wameshikwashikwa maisha yao yote au wamekaa miezi bila kuguswa kabisa, inategemea walikotoka, kwa hiyo uliza historia yao. Keji zisibadilishwe siku ya jaribio. Kelele za ujenzi, mashine ya kufulia jengo la chini, mlango unaobamizwa, yote hayo yaandike. Na kuwatenganisha mmoja mmoja kwa ajili ya chupa nako ni stresi maana panya ni wanyama wa kukaa pamoja, wengine wanatumia keji zenye kizuizi chenye matundu katikati ili wanusane na kusikiana huku kila mmoja ana chupa zake, mimi naona hiyo ni njia ya utu na ya kisayansi kwa pamoja.

Homoni yenyewe, kwa panya ni kotikosteroni, sio kotisoli kama kwetu. Inapanda na kushuka kwa saa, kwa panya inapanda kuelekea giza kwa sababu usiku ndo mchana wao. Ukitaka kiwango cha utulivu una kama dakika tatu tu kuanzia unapogusa keji mpaka damu iwe kwenye chupa, baada ya hapo unapima jinsi ulivyomsumbua. Na kwa sababu panya yuko macho usiku, pindueni taa za chumba ziwe giza mchana wenu na mfanye kazi na taa nyekundu ambayo hawaioni vizuri, kuliko kumwamsha mnyama katikati ya usingizi wake ukamlaumu hana ari.

Uzee sasa. Watu wanadhani uzee ni kupungua tu. Mwaka 2010 Nicholas Simon pamoja na Barry Setlow na Jennifer Bizon walichapisha kwamba panya Fischer wa miezi 24 walikuwa tayari kusubiri zawadi kubwa kuliko vijana wa miezi 6, vijana ndo walikimbilia ndogo ya sasa hivi. Wazee wana subira zaidi. Mwaka 2019 kikundi hichohicho cha Florida kikaingia ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia na thamani ya vitu, kwa kutumia mwanga kuzima seli kwa sekunde wanazozitaka. Wakizima kabla tu ya kuchagua, vijana na wazee wote wanapunguza pupa, yaani kukimbilia zawadi ndogo ya haraka. Wakizima wakati mnyama anakula ile zawadi ndogo ya haraka, vijana wanaongeza pupa ila wazee hawabadiliki hata kidogo. Hiyo kazi naipenda kwa sababu inaonyesha uzee umebadilisha kazi ya sehemu ileile ya ubongo kwa wakati mmoja na ikabaki ilivyo kwa wakati mwingine, huwezi kusema amigdala imezeeka ukaishia hapo.

Kwenye kugeuza mawazo ndo wazee wengi wanakwama. Geoffrey Schoenbaum na Michela Gallagher walifundisha panya kwamba harufu hii inaleta kitu kitamu na ile inaleta kichungu, afu wakageuza. Baadhi ya wazee walichelewa sana kugeuka, na seli za gamba la mbele lililo juu ya macho hazikubadilisha ishara zao kama za vijana. Nimesema baadhi, na hilo neno ulishike. Gallagher alishaonyesha kwenye maze ya maji, jaribio la kukumbuka mahali kwa kuogelea, mwanzoni mwa miaka ya 90 kwamba panya wazee wa Long-Evans, straini nyingine, hawako kundi moja, wapo wanaofanya vizuri sawasawa na vijana na wapo walioshuka sana, wa umri uleule kutoka koloni ileile. Ukichora wastani wa wazee unachora mnyama ambaye huenda hayupo. Weka nukta ya kila mnyama kwenye grafu, kila mara.

Na umri wenyewe upange vizuri. Wanafunzi wengi wanaagiza panya wa wiki 8 wanawaita watu wazima kwa sababu ndo wanaopatikana haraka, kumbe huyo bado ni kijana anayekua, na ukimlinganisha na wa miezi 24 huwezi kujua tofauti imetokana na kukua au kuzeeka. Anza na miezi 4 hadi 6, weka na umri wa kati kama miezi 12 au zaidi kidogo maana mabadiliko mengi yanaanza hapo, kisha wazee. Straini nayo ina maneno yake, Fischer wanapata uvimbe mbalimbali mapema, wale chotara wa Fischer na Brown Norway wanaishi zaidi na kwa afya nzuri zaidi, vipanya C57BL/6 wanapoteza usikivu wakizeeka kwa hiyo ukitumia mlio kuwaambia zawadi inakuja mzee hausikii, tumia taa, na Fischer ni zeruzeru macho yao dhaifu kwa hiyo kwao taa nayo uifikirie mara mbili. Majike hawaachwi nje, ila ujue wakifika umri wa kati mzunguko wao wa uzazi unavurugika kisha unakoma, na hilo linaingia kwenye homoni za stresi na kwenye dopamini pia.

Kwa walio Tanzania, Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kuna shirika la APOPO wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mafunzo yote yanakwenda kwa mlio wa kliki na chakula. Panya buku anaweza kuishi hata miaka 8, wakati panya wa lab miaka 2 mpaka 3 ndo maisha yake. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Cambodia, alipata medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020, alistaafu 2021 kwa sababu alikuwa anapunguza kasi, akafa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Nataja hili kwa sababu ukiwa karibu na Morogoro ukapata nafasi ya kuangalia wakufunzi wale wanavyofanya kazi nenda, utajifunza jinsi ya kumsoma mnyama mmojammoja anayefanyia kazi zawadi kuliko utakavyojifunza kwenye darasa lolote, wanajua yupi kashiba, yupi kachoka, yupi leo haumwi ila hana mood.

Ukichanganya stresi na uzee kwenye mradi mmoja unahitaji makundi manne kwa uchache, vijana bila stresi, vijana na stresi, wazee bila, wazee na stresi, na swali lako liko kwenye mwingiliano, yaani je stresi inamgusa mzee tofauti na inavyomgusa kijana. Sio kulinganisha wazee wa stresi na vijana wa stresi basi. Robert Sapolsky na Bruce McEwen miaka ya 80 walionyesha panya wazee wakipata stresi kotikosteroni inapanda lakini inachelewa kushuka baada ya stresi kuisha, breki zimelegea, kwa sababu hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu inayosaidia pia kuzima hiyo homoni, imepoteza vipokezi vyake. Kwa hiyo saa moja ya kubanwa kwa kijana na saa moja kwa mzee sio dozi moja, mzee bado yuko ndani ya stresi wakati wewe unampeleka kwenye boksi la leva ukidhani ametulia. Ongeza muda kati ya stresi na jaribio, au pima kwa nyakati mbili tofauti, na kama unaweza chukua damu ya mkia uone alikuwa wapi kihomoni wakati anachagua. Angalia pia mzee asiye na stresi asije akawa ameshafika chini kabisa ya kipimo chako, maana hapo stresi haina pa kumshusha na takwimu zitakwambia wazee hawaathiriki, rekebisha ugumu wa jaribio mpaka makundi yote yawe katikati kabla hujaanza.

La mwisho ni la idadi. Wazee wanakufa. Wanakufa kabla ya kuanza, wanakufa katikati ya wiki za stresi, wengine utalazimika kuwalaza usingizi wa kudumu kwa sababu uvimbe umefika kiwango ambacho kamati ya maadili imeweka, na hapo usisite, usimvute mnyama wiki moja zaidi kwa sababu unahitaji data. Kwa hiyo agiza zaidi ya unavyohitaji, agiza mapema kwa sababu panya wa miezi 24 hatengenezwi kwa haraka, Marekani kuna koloni ya taasisi ya taifa ya uzee inayowatoa kwa watafiti lakini lazima upange, na kwa huku kwetu mara nyingi itabidi uwazeeshe mwenyewe, maana yake miaka miwili ya chumba, chakula na umeme kabla ya data ya kwanza, hilo liwe kwenye bajeti tangu siku ya kuandika proposo. Baada ya mwisho fungua kila mnyama uangalie figo, tezi ya pituitari, ini, wengu. Amua kabla ya kufungua ni ugonjwa gani utamtoa mnyama kwenye uchambuzi, usiamue baada ya kuona namba zake. Na wale waliokufa njiani waandike kwenye ripoti, kundi lao, umri wao, na kilichowaua, kwa sababu kama wazee wa stresi walikufa wengi kuliko wengine, basi hao uliowapima mwisho ni wale waliokuwa wagumu zaidi, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajasoma sentensi yako kuhusu hamu.